Deming Jarves: Aliyekishusha kioo kutoka meza ya tajiri hadi meza ya mkulima

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika duka la vitu vya kale huko Marekani, hususan katika majimbo ya kaskazini mashariki, si ajabu ukaoneshwa kisahani cha kioo kilichojaa nakshi ndogo ndogo mithili ya lesi, na mwenye duka akakueleza kwa fahari kwamba hicho ni Sandwich.

Hakusudii mkate uliotiwa nyama katikati. Anakusudia mji mdogo ulioko katika rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, ambako kwa zaidi ya miaka 60 ya karne ya 19 matanuri yalitoa bilauri, sahani, bakuli, vinara na taa zilizoenea katika nyumba za Wamarekani wa kila tabaka.

Jina la mji huo limedumu, tena limedumu kupita kiasi, kwani leo hii hupachikwa hata kwenye vyombo ambavyo havikuwahi kuuona mji wenyewe. Mtu aliyejenga kiwanda hicho ndiye aliyesahauliwa. Nje ya duru za wakusanyaji na wanahistoria wa kioo, ni wachache wanaomjua Deming Jarves, na hata hao wanaomjua wamebishana kwa muda mrefu juu ya heshima anayostahili.

Je, ndiye aliyevumbua ufundi wa kugandamiza kioo kwa mashine, kama wengi walivyoamini? Au ni mfanyabiashara mwerevu aliyechukua wazo la wengine na kulifanya likubalike sokoni? Maisha yake yanatoa jibu, na jibu lenyewe lina faida hata kwa yule ambaye haja yake ni kujua tu kama kisahani alichoshika mkononi ni cha kweli au cha kuiga.

Mtoto wa fundi samani

Jarves alizaliwa mwaka 1790 mjini Boston. Baba yake, John Jarves, alikuwa fundi wa samani. Kijana Deming hakufuata randa na msumeno wa baba yake, bali aliingia katika biashara ya vitambaa na bidhaa za dukani. Mwaka 1815 alimuoa Anna Stutson, wakajaaliwa watoto kadhaa, ambao baadhi yao watatajwa mbele ya safari.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akalikumbuka jimbo hilo la Massachusetts kwa sababu nyingine. Ni kutoka bandari yake ya Salem ambako, katika miaka hiyo hiyo ya ujana na utu uzima wa Jarves, wafanyabiashara walianza kuja Zanzibar wakileta kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, na kurudi kwao na sandarusi na pembe za ndovu. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan aliingia mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, aliwasili Unguja. Viwanda vya Massachusetts vilikuwa vikitafuta njia ya kutengeneza bidhaa nyingi kwa bei ndogo, na kioo hakikusalimika na wimbi hilo.

Wakati huo chombo kizuri cha kioo kilikuwa cha wenye nacho. Fundi alilazimika kupuliza kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, kukizungusha, kukikata na kukipa umbo kwa mkono. Kama mnunuzi alitaka nakshi, kioo kilichopoa kilipelekwa kwa fundi mwingine aliyekichonga kwa magurudumu ya mawe. Bakuli moja lingeweza kupita katika mikono ya watu wengi kwa muda mrefu, na bei yake ilifuata. Sehemu kubwa ya vyombo vya namna hiyo ilitoka Uingereza na Ireland.

Siri ya risasi nyekundu

Mwaka 1818 Jarves na wenzake walianzisha kampuni ya New England Glass Company huko East Cambridge, jirani na Boston, baada ya kununua mali za kiwanda kilichoshindwa. Jarves akawa wakala wake, yaani mtu wa kununua malighafi, kuuza bidhaa na kuhakikisha hesabu zinakubaliana.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo lingewakatisha tamaa wengine. Kioo bora cha zama hizo kilitengenezwa kwa mchanga, potashi na unga mwekundu utokanao na madini ya risasi. Ni risasi hiyo inayokipa kioo uzito, mng'ao na ule mlio mtamu wa kengele kinapogongwa kwa kidole. Unga huo ulikuwa mikononi mwa Waingereza, ambao hawakuwa na haja ya kumwezesha mshindani wao.

Jarves, ambaye hakuwa amesomea ukemia, alijenga tanuri lake mwenyewe la kuunguza risasi, na akafanikiwa. Kwa takriban miaka 30 iliyofuata alikuwa na nguvu kubwa juu ya biashara ya malighafi hiyo nchini Marekani. Viwanda vilivyoshindana naye katika kuuza vyombo vililazimika kununua unga kwake. Aliyeshika kisima, kwa hakika, hakuogopa wenye ndoo.

Miezi mitatu kutoka msituni hadi kiwandani

Baba yake alifariki mwaka 1823 na kumwachia urithi. Miaka miwili baadaye Jarves aliondoka Cambridge na kuanzisha kiwanda chake mwenyewe huko Sandwich, kilometa takriban 90 kusini mwa Boston, mahali ambapo inasimuliwa alikuwa akienda kuwinda.

Wengi hudhani aliufuata mchanga wa pwani. Si kweli. Mchanga wa Sandwich haukufaa kwa kioo cheupe kisicho na doa, kwa hiyo mchanga safi uliletwa kwa meli kutoka New Jersey, na baadaye kutoka milima ya Berkshire iliyoko magharibi mwa Massachusetts. Alichokifuata ni misitu ya misonobari iliyouzunguka mji, kwani matanuri ya wakati huo yalikula kuni mchana na usiku, pamoja na mkono wa bahari uliowezesha bidhaa kufika Boston bila kutikiswa juu ya mikokoteni.

Ujenzi ulianza Aprili 1825. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, siku Wamarekani wanayosherehekea uhuru wao, chombo cha kwanza kilipulizwa. Ilikuwa imepita miezi mitatu tu tangu jembe la kwanza lipige ardhi. Mwaka uliofuata, kwa kuingiza washirika na mitaji yao, kiwanda kilisajiliwa kwa jina la Boston and Sandwich Glass Company.

Katika kitabu chake juu ya historia ya utengenezaji wa kioo, kilichotoka mwaka 1854 na kuongezwa mwaka 1865, Jarves ameweka hesabu za ukuaji huo. Walianza na tanuri moja lenye vyungu 8, wafanyakazi kati ya 60 na 70, na kioo kisichozidi ratili 7,000 kwa wiki. Miaka ilivyopita walifikia matanuri 4 yenye vyungu 10 kila moja, wafanyakazi zaidi ya 500, na kioo kinachozidi ratili 100,000 kwa wiki. Mapato ya mwaka yalipanda kutoka dola 75,000 hadi dola 600,000.

Mafundi waliletwa kutoka Cambridge, Uingereza na Ireland. Walijengewa nyumba karibu na kiwanda, na mtaa huo ukaitwa Jarvesville. Kazi ilikwenda kwa zamu, usiku na mchana, maana kioo kilichokwisha kuyeyuka hakimsubiri mtu alale. Kengele ikilia, fundi huamka na kwenda, iwe ni saa nane za usiku au alfajiri. Pamoja nao walikuwapo wavulana wadogo waliobeba, kufungua na kufunga kalibu, na kujifunza kazi kwa kutazama.

Kinu na mchi

Ufundi uliompa Jarves umaarufu unaweza kuelezwa kwa mfano ulioko katika kila nyumba ya Kiswahili: kinu na mchi.

Fundi mmoja huchota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya fimbo ya chuma na kulidondosha ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa nakshi kwa ndani. Mwenzake hulikata donge kwa mkasi, akikadiria kwa jicho kiasi kinachotosha, kwani likipungua chombo hutoka na kilema na likizidi huwa kinene. Kisha mkono mrefu wa chuma huvutwa, na mchi hushuka ndani ya kalibu. Kioo husukumwa kila upande, kikajaza kila mfereji wa nakshi. Kufumba na kufumbua chombo kimepata umbo na pambo kwa pamoja, bila pumzi ya mpulizaji wala gurudumu la mchongaji. Hatimaye hupelekwa katika tanuri la joto la pole ili kipoe taratibu na kisipasuke.

Mtu asiye na ujuzi wa miaka mingi aliweza kuifanya kazi hiyo. Hapo ndipo palipokuwa na faida, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi.

Nani alikuwa wa kwanza? Kumbukumbu zinaonesha kwamba Septemba 1825 John Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza ya kugandamiza vishikio vya kioo vya samani. Mwaka 1826 Henry Whitney na Enoch Robinson wa New England Glass Company, kampuni aliyoihama Jarves, walipata yao. Hataza ya Jarves juu ya ufundi huo ni ya mwaka 1828, na nyingine zikafuata. Mwezi Desemba 1836 jengo la ofisi ya hataza mjini Washington liliteketea kwa moto, na maelezo mengi yaliyokuwamo yakawa majivu.

Kwa mlolongo huo wa tarehe, Jarves hakuwa wa kwanza. Jambo linalostahili kutazamwa ni kwamba yeye mwenyewe hakudai hivyo. Katika kitabu chake alikiri kwamba Wamarekani hawawezi kujitwalia uvumbuzi wote, kwani katika ujana wake wa biashara alikuwa akiagiza kutoka Uholanzi vibakuli vya chumvi vilivyogandamizwa katika kalibu za chuma, na kutoka Uingereza vinara vyenye vitako vilivyofanywa kwa njia hiyo. Alichowapa Wamarekani ni sifa ya kuiboresha mashine hadi ikaweza kutoa chombo kizima, kikubwa na chenye nakshi, kwa wingi na kwa bei nafuu.

Ni nadra mfanyabiashara kujipunguzia sifa kwa kalamu yake mwenyewe. Wengi waliomwandika baada ya kufa kwake walimrudishia sifa ambayo yeye alikuwa ameikataa.

Hasira za wapuliza kioo

Habari za chombo kilichotoka mashineni hazikupokewa kwa vigelegele. Mpuliza kioo alikuwa mtu wa heshima. Alianza kama mwanagenzi angali mtoto, akatumia miaka mingi kupata ufundi wake, na ujira wake ulikuwa mkubwa kuliko wa vibarua wengi. Sasa alikuwa akitazama kijana aliyejifunza kwa muda mfupi akivuta mkono wa chuma na kutoa kwa dakika moja kile ambacho yeye alikitolea jasho.

Kwa masimulizi yanayotokana na Jarves mwenyewe, mafundi walikasirika kiasi cha kutishia maisha yake. Alijificha kwa wiki 6 bila kuthubutu kuonekana mtaani wala kiwandani, na kwa zaidi ya miezi 6 ilikuwa hatari kwake kutoka nje baada ya jua kuzama.

Si haki kuwaona mafundi hao kuwa ni wapinga maendeleo tu. Hofu yao ilikuwa ya chakula cha watoto wao. Ni kweli pia kwamba kwa kadiri vyombo vya bei nafuu vilivyoongezeka ndivyo wanunuzi walivyoongezeka, na kiwanda kikaajiri watu wengi zaidi, wakiwamo wapulizaji. Hata hivyo, cheo cha mpulizaji hakikurudi tena mahali pake.

Lesi iliyoficha kasoro

Vyombo vinavyotafutwa kwa bei ya juu na wakusanyaji ni vile vya mwanzo kabisa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1820 hadi karibu 1840. Hujulikana kama vyombo vya lesi, kwa sababu uso wake wote umetapakaa vitone vidogo vilivyosongamana, na juu ya vitone hivyo kuna maua, mioyo, majani, tai au meli.

Uzuri huo ulikuwa na sababu ya kiufundi. Kioo chenye moto mkali kikigusa chuma chenye ubaridi, uso wake hujikunja na kupoteza mng'ao. Wachonga kalibu waligundua kwamba wakijaza uso wote kwa vitone, mikunjo haionekani, na mwanga ukipiga huvunjika vipande vipande na kukifanya chombo kimeremete. Kasoro ilifichwa kwa pambo, na pambo likawa ndilo linalotafutwa hadi leo.

Mfano mzuri ni visahani vya kuwekea kikombe, vyenye upana wa inchi 3 hadi 4 hivi. Watu wa siku hizo walikuwa na desturi ya kumimina chai ya moto katika kisosa ili ipoe na kuinywea humo. Kikombe kilichobaki kikilowa kingechafua kitambaa cha meza, kwa hiyo kiliwekwa juu ya kisahani chake. Kwa kuwa viliuzwa kwa bei ndogo, vilitengenezwa kwa mamia ya nakshi, na baadhi vilibeba habari za siku: mwanasiasa Henry Clay, mnara wa ukumbusho wa vita vya Bunker Hill, au meli ya mvuke iliyopewa jina la Benjamin Franklin. Mke wa mkulima aliyekuwa hajawahi kumiliki picha ukutani aliweza kuwa na taswira ya mambo ya taifa lake juu ya meza.

Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1837 ulizibana gharama, na kuchonga kalibu za lesi kulikuwa ghali. Polepole nakshi zikawa pana na nyepesi, na mbinu ya kurudisha chombo motoni kwa muda mfupi ikaufanya uso wake ulainike na kung'aa bila kuhitaji vitone. Ndipo zilipokuja pia rangi za buluu, zambarau, kijani na manjano, pamoja na vinara vyenye umbo la pomboo.

Tunda la mwaloni

Jarves hakuwa mtu wa kuonewa. Reli ilifika Sandwich mwaka 1848, na kiwanda kikaanza kuitumia kusafirishia bidhaa. Baada ya muda aliona nauli inayotozwa ni kubwa mno, akamweleza mkuu wa reli kwamba asipoipunguza atajenga meli yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba mkuu huyo alimcheka, akamjibu kuwa mbegu ya mwaloni utakaotoa mbao za meli hiyo haijapandwa bado.

Jarves alirudi akajenga meli ya mvuke. Akaiita Acorn, maana yake tunda la mwaloni. Bidhaa zikaenda Boston kwa njia ya bahari, na baadaye reli ikashusha nauli zake.

Kisa hicho husimuliwa Cape Cod hadi leo kwa kicheko. Lakini tabia hiyo hiyo ya kutokubali kushindwa ndiyo iliyomtenganisha na wenzake. Mwaka 1858, baada ya kutofautiana na wakurugenzi, alijiuzulu katika kampuni aliyoianzisha miaka 33 kabla. Alikuwa na umri wa miaka 67, umri ambao wengine hutafuta kivuli. Yeye alijenga kiwanda kingine katika mji ule ule, Cape Cod Glass Works, akishindana na matanuri aliyoyawasha kwa mkono wake mwenyewe.

Wana wa Jarves

Kiwanda hicho kipya alikikusudia kwa mwanawe John. Kabla ya hapo, mwaka 1837, alikuwa amekwisha kumjengea mwanawe mwingine, George, kiwanda cha Mount Washington huko South Boston. Baba alitaka kila mtoto awe na tanuri lake.

Mapenzi ya Mungu yakawa mengine. John alifariki mapema, baba yake angali hai. George hakuendelea na kazi ya kioo kwa muda mrefu, na Mount Washington ikapita katika mikono ya watu wengine.

Mtoto aliyepata jina duniani ni yule ambaye hakushika kazi ya kioo kabisa. James Jackson Jarves, aliyezaliwa mwaka 1818, alikwenda visiwa vya Hawaii ambako mwaka 1840 alianzisha gazeti la The Polynesian. Baadaye alihamia Florence, Italia, akatumia fedha zake kununua michoro ya kale ya Kiitaliano wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuiona thamani yake. Mkusanyiko wake wa michoro 119 uliishia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1871 kwa dola 22,000, fedha ambazo leo zinaonekana kuwa kama za bure. Mwaka 1881 alilipatia jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York mkusanyiko wake wa vioo vya Venice.

Mtoto wa mtu aliyefanya kioo kiwe rahisi ndiye aliyewaletea Wamarekani vioo vilivyokuwa ghali kuliko vyote. Damu, wahenga walisema, ni nzito kuliko maji.

Moto wazimika

Wakati Jarves akihangaika na kiwanda chake cha uzeeni, mbali naye kulikuwa na mtu aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba yake bila kukusudia. Mwaka 1864 William Leighton, ambaye zamani alifanya kazi New England Glass Company, alibuni huko Wheeling, West Virginia, mchanganyiko mpya wa kioo. Badala ya risasi alitumia soda na chokaa.

Kioo hicho kilikuwa chepesi, kilipoa haraka, na kiligharimu sehemu ndogo tu ya kile cha risasi. Hakikuwa na mlio wa kengele, lakini mama wa nyumbani anayenunua bilauri 6 hanunui mlio. Viwanda vya Pittsburgh, Wheeling na Ohio, vilivyokuwa pia karibu na makaa ya mawe, viliingia sokoni kwa kishindo. Viwanda vya mashariki vilivyong'ang'ania risasi vilianza kuyumba. Silaha iliyompa Jarves utawala akiwa kijana ilikuwa imekuwa mzigo.

Jarves alifariki tarehe 15 Aprili 1869, akiwa na umri wa miaka 78. Inaelezwa kwamba siku hiyo hiyo moto wa Cape Cod Glass Works ulizimwa.

Kampuni aliyoihama iliendelea kwa karibu miaka 20 zaidi. Mwaka 1887 mgogoro kati ya chama cha wafanyakazi wa kioo na viwanda ulizidi makali. Kampuni ilikataa masharti ya chama, wafanyakazi walikataa masharti ya kampuni, na mapema Januari 1888 moto wa Sandwich ulizimwa, usiwashwe tena na kampuni hiyo. Mji wenye kiwanda kilichojengwa kwa miezi mitatu ulibaki na nyumba zisizo na kazi. Mwaka huo huo James Jackson Jarves naye aliaga dunia huko Ulaya.

Kutenganisha mbivu na mbichi

Ni baada ya kifo cha kiwanda ndipo ulipozaliwa uchu wa kukusanya vyombo vyake. Jumuiya ya historia ya mji, iliyoanzishwa mwaka 1907, ndiyo inayoendesha jumba la makumbusho ya kioo la Sandwich. Kuanzia miaka ya 1920 waandishi walianza kutoa vitabu, na maarufu zaidi ni Ruth Webb Lee, ambaye kitabu chake juu ya vioo vya kugandamizwa cha mwaka 1931 kilifuatiwa na kingine juu ya vitu vya kughushi mwaka 1938, na kingine cha Sandwich mwaka 1939. Orodha ya visahani vya vikombe aliyoiandaa pamoja na James Rose mwaka 1948 ingali ikitumiwa na wakusanyaji kutajia kila nakshi kwa namba yake.

Ugumu ni kwamba vyombo vya zama za Jarves, isipokuwa vichache mno, havikuwekwa jina la mtengenezaji. Miongoni mwa hivyo vichache ni kibakuli cha chumvi chenye umbo la mashua, kilichomuenzi Jenerali Lafayette, kikiwa na jina la kampuni na la mji. Vilivyosalia ni lazima visomwe kwa mikono, macho na masikio.

Kwanza, mkusanyaji hutazama ndani. Chombo kilichopulizwa katika kalibu huwa na mabonde na miinuko ndani inayofuata nakshi ya nje. Kilichogandamizwa huwa na ndani laini, kwa sababu hapo ndipo mchi ulipopita. Pili, hutafuta mistari myembamba ya maungio ya kalibu. Tatu, hukigonga taratibu: kioo cha risasi huitika na mlio wake hudumu, na huwa kizito mkononi kuliko ukubwa wake. Nne, hukagua kitako. Chombo kilichosuguana na meza kwa zaidi ya karne huwa na mikwaruzo isiyo na mpangilio, ilhali aliyekiparuza ili kionekane kizee mara nyingi huacha mikwaruzo ya upande mmoja.

Hata alama hizo zikikamilika, bado hazithibitishi mji. Viwanda vya New England na Pittsburgh viliigana nakshi bila haya. Vigae vilivyofukuliwa katika eneo la kiwanda cha Sandwich vimesaidia sana, lakini navyo vina hila yake, kwani viwanda vilinunua vigae vya vyombo vilivyovunjika kutoka kwingineko ili kuviyeyusha upya.

Kuanzia miaka ya 1920 mkanganyiko uliongezeka. Kampuni za Duncan & Miller, Indiana Glass na baadaye Anchor Hocking zilitengeneza seti za vyombo zilizoitwa Sandwich, kwa sababu jina hilo lilikuwa likiuza. Vyombo hivyo navyo sasa vimekwisha kuwa vya kale na vina wakusanyaji wake halali. Tatizo huanza pale muuzaji anapolitamka jina la Sandwich na kunyamaza, akamwacha mnunuzi akidhani amenunua kazi ya miaka ya 1830.

Ndiyo maana historia ya Jarves si hadithi ya kupitishia wakati tu. Anayejua kwamba kiwanda kilizimwa mwaka 1888, kwamba vyombo vyake vya mwanzo ni vya risasi, na kwamba lesi ilikuwa dawa ya mikunjo ya miaka ya awali, hadanganyiki kirahisi.

Majengo ya kiwanda yamekwisha kubomolewa siku nyingi. Jarves hakuacha jina lake juu ya kitako cha sahani, na hataza zake za mwanzo ziliungua pamoja na nyingine nyingi. Hakuwa mvumbuzi wa kwanza, na alikuwa na uungwana wa kulisema hilo mapema kuliko wakosoaji wake.

Alichokifanya ni kuhakikisha kwamba mkulima, mvuvi na fundi viatu wanaweza kuweka mezani kitu kinachong'aa. Gharama yake ilikuwa kubwa kwa wapulizaji waliopoteza hadhi yao, na haikuwa ndogo kwake yeye, aliyezeeka akishindana na kazi ya mikono yake na kumzika mwana aliyemjengea kiwanda. Visahani vile vya chai vilivyouzwa kwa senti chache sasa vimewekwa ndani ya makabati ya makumbusho, na anayetaka kuvitazama hukatazwa kuvigusa.